Taa ya SFP haiwaki? Mwongozo kamili wa kuunganisha majengo mawili kwa faiba mpaka linki isimame

Wakuu wa Chuga (Arusha) na Moshi, swali ni lile lile kila mara: nimenunua SFP mbili (zile moduli ndogo za kuchomeka kwenye swichi zinazotuma na kupokea mwanga wa faiba), nimechomeka, kebo ya faiba ipo, taa ya poti imegoma kuwaka, je moduli ni mbovu? Mara nyingi moduli ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni ununuzi, yaani moduli mbili hazioani, au konekta ni chafu. Watu wanarudisha moduli dukani, wanapewa nyingine ya aina ile ile, wanachomeka kwenye uchafu ule ule, hela inaisha na mteja anaanza kuamini faiba ni uongo.

Huu mwongozo ni wa kazi za kampaundi: shule ya Ngaramtoni yenye maabara ya kompyuta mbali na ofisi ya mkuu, lodge ya Usa River yenye mapokezi huku na vyumba kule, ofisi mbili za Njiro, hosteli na utawala wa chuo pale Moshi. Umbali ni mita mia mbili mpaka kilomita chache. Fuata hatua kwa mpangilio, maana ya kwanza ndo inaamua ukanunue nini na wengi wanaanzia dukani.

## Vitu vya kuwa navyo

- Swichi mbili zenye poti ya SFP, au ruta upande mmoja na swichi upande wa pili. Kama swichi haina poti hiyo, midia konvata (kiboksi kinachounganisha faiba na kebo ya shaba) yenye tundu la SFP inafanya kazi.
- Moduli mbili zinazooana, pamoja na akiba. Usinunue bado, soma hatua ya 3 kwanza.
- Pachikodi mbili za faiba (kebo fupi za kutoka boksi la faiba kwenda kwenye moduli), za aina moja na kebo iliyofukiwa.
- Kalamu ya kusafishia faiba. Zipo za milimita 1.25 kwa konekta ndogo za LC na za milimita 2.5 kwa zile pana za SC, angalia unachukua ipi.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na tishu zisizoacha nyuzi. Ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, ikikauka inaacha madoa kwenye kioo.
- Pawa mita ya faiba (kipimo cha nguvu ya mwanga) kama unaweza kuipata, hata ya kuazima.
- Tochi nyekundu ya faiba, ile inayopeleka mwanga unaoonekana kwa macho.
- Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, stika, na kalamu ya wino usiofutika.

Kama bajeti imebana, punguza kingine chochote lakini kalamu ya kusafishia ibaki kwenye orodha.

Onyo kabla ya yote: mwanga wa leza wa moduli hizi hauonekani kwa macho. Usichungulie ndani ya moduli wala kwenye ncha ya faiba kucheki kama "inawaka", unaweza kuumia jicho bila kuhisi chochote. Na wale wanaotumia kamera ya simu, kamera inaweza kuona mwanga wa nanomita 850 (nanomita ndo kipimo cha wimbi la mwanga) lakini wa 1310 na 1550 haiuoni, kwa hiyo ukiona giza usiseme moduli imekufa.

## Hatua ya 1: Ijue kebo iliyopo ardhini

Nenda kwenye boksi la faiba kila upande, fungua, andika vitu vinne: aina ya faiba, idadi ya nyuzi, aina ya konekta, na urefu.

Aina ya faiba isome kwenye ganda la kebo, imeandikwa. Ukiona OS2 au G.652 au G.657 hiyo ni singomodi, kiini chake ni maikromita 9 hivi. Ukiona OM1, OM2, OM3 au OM4 hiyo ni maltimodi, kiini ni 62.5 kwa OM1 na 50 kwa zilizobaki. Rangi inasaidia ndani ya jengo, njano kwa kawaida ni singomodi, chungwa ni OM1 au OM2, bluu ya bahari ni OM3 au OM4, lakini kebo za nje nyingi ni nyeusi zote kwa hiyo amini maandishi.

Kwa nini hili linakuja kwanza? Moduli ya singomodi na ya maltimodi zinafanana kwa sura, zinaingia tundu moja, na bei haikwambii chochote. Ukiweka moduli ya maltimodi ya nanomita 850 kwenye faiba ya singomodi, mwanga karibu wote unapotea pale unapoingia.

Konekta: LC ni ndogo, SC ni pana ya mraba. Halafu rangi yake. Bluu ni UPC, ncha imenyooka. Kijani ni APC, ncha imekatwa kwa pembe ya digrii 8. Moduli za SFP za kawaida zinataka UPC. Ukilazimisha kijani kukutana na bluu ncha hazigusani vizuri, mwanga unapotea, na kioo kinaweza kuchubuka. Kama boksi lako lina SC ya kijani, tafuta pachikodi yenye SC ya kijani upande wa boksi na LC ya bluu upande wa moduli, zinauzwa.

Kitu kimoja nisisitize hapa maana kinawatesa watu wengi. Ile faiba ya kampuni ya intaneti inayoingia nyumbani au ofisini kupitia kiboksi cheupe mara nyingi ni GPON, laini moja inayogawanywa kwa wateja wengi. Ukichomoa kiboksi na kuchomeka SFP ya kawaida haitafanya kazi, hata kama umeona mawimbi ni 1310 na 1490 ukadhani yanafanana na yako. Lugha ya ndani ni tofauti, na kifaa chako lazima kisajiliwe upande wa kampuni. Mwongozo huu ni wa faiba yako mwenyewe.

Umefanikiwa kama: una karatasi inayosema mfano "singomodi, nyuzi 4, SC ya bluu pande zote, mita 1,200".

## Hatua ya 2: Cheki poti ya kifaa chako

Poti ya SFP ni gigabiti 1. Poti ya SFP+ ni gigabiti 10. Umbo ni lile lile. Moduli ya gigabiti 1 ikiingia kwenye poti ya SFP+ mara nyingi inakubali, ila kwenye vifaa vingi itabidi uingie kwenye mipangilio uiambie poti kasi ni gigabiti 1, usiiache ijitafutie. Kinyume chake hakiwezekani, moduli ya gigabiti 10 kwenye poti ya gigabiti 1 haitawaka, hata ufanyeje.

Alafu kuna ishu ya brandi. Ndani ya kila moduli kuna kichipu kidogo cha kumbukumbu kinachotaja mtengenezaji, aina, mawimbi na umbali. Swichi inakisoma pale unapochomeka. Baadhi ya vifaa, Cisco wakiwemo, vinaweza kuikataa moduli isiyo na utambulisho wanaoutaka na poti ikazimwa. Kwenye swichi nyingi za Cisco kuna amri ya `service unsupported-transceiver` inayoruhusu moduli za nje, ila usitegemee itaokoa kila modeli. MikroTik kwa kawaida hawabani hivyo.

Kwa hiyo dukani usiseme tu "nataka SFP". Sema swichi yako ni brandi gani na modeli gani, uombe moduli iliyoandikiwa brandi hiyo. Moduli hizo hizo zinaweza kuandikiwa brandi tofauti pande mbili na zikaongea vizuri, maana mwanga haujui brandi. Upande wa A ni Cisco, upande wa B ni MikroTik, hamna shida, kila moja inunuliwe kwa ajili ya kifaa chake ilimradi mawimbi na kasi vioane.

## Hatua ya 3: Chagua moduli, hapa ndo wengi wanaangukia

Soma hatua hii pole pole.

Kama faiba ni maltimodi: chukua SX ya nanomita 850. Kwa gigabiti 1 inafika mita 550 kwenye faiba za kiini cha 50, na kwenye OM1 ya zamani ni mita 220 mpaka 275 kutegemea ubora wa kebo. Ukitaka gigabiti 10, moduli ya SR inafika mita 300 kwenye OM3 lakini kwenye OM1 inaishia mita 33 tu. Kama shule yako ina OM1 ya miaka hiyo na unaota gigabiti 10 kati ya majengo, badilisha kebo.

Kama faiba ni singomodi na una nyuzi mbili: chukua LX ya nanomita 1310, ile ya kilomita 10. Hii ndo ya kampaundi. Uzi mmoja unapeleka, mwingine unarudisha. Hata kama umbali ni mita 300 tu inafanya kazi bila kipunguza mwanga.

Kama una uzi mmoja tu, au unataka kubania nyuzi: chukua BiDi, inayotuma na kupokea kwenye uzi mmoja kwa mawimbi mawili tofauti. Sasa sikiliza vizuri: BiDi zinanunuliwa kwa jozi, na jozi maana yake *tofauti*. Moja inatuma 1310 na kupokea 1490, mwenzake inatuma 1490 na kupokea 1310. Zipo pia jozi za 1310 na 1550. Fundi anaenda dukani anachukua mbili zinazofanana kabisa kama anavyochukua balbu, anafika saiti zote zinatuma 1310 na zote zinasubiri 1490 ambayo hakuna anayeituma. Hapo taa haitawaka mpaka kiama.

Geuza moduli usome stika kabla hujalipa. Itaandikwa TX1310/RX1490 (TX ni kutuma, RX ni kupokea) au kifupi kinachofanana na hicho. Ile ya pili lazima isomeke kinyume chake namba kwa namba. 1310/1490 na 1550/1310 *sio* jozi. Rangi ya kishikio inasaidia kutofautisha lakini rangi hazifuatwi sawa na watengenezaji wote, stika ndo ushahidi.

Usinunue umbali mkubwa kwa sifa. Kuna watu wanaona moduli ya kilomita 80 wanasema hii ndo kiboko, ina nguvu. Ndugu yangu, kilomita 80 ni kama kutoka Arusha mpaka Moshi kwa barabara. Moduli hiyo inatuma mwanga wa dBm 0 mpaka 5 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga, namba ikienda chini zaidi ya sifuri mwanga ni hafifu zaidi), na mpokeaji wake anavumilia mwisho dBm -3. Ukiiweka kwenye mita 500, mwanga unafika ukiwa mkali kuliko anavyoweza kubeba, linki inakataa au inakuwa ya kusuasua, na mpokeaji anaweza kuungua. Kama unazo tayari na huna jinsi, weka atenyueta ya dB 10, kile kikofia cha kupunguza mwanga (dB inapima mwanga umepungua kiasi gani), kila upande. Vinginevyo nunua ya kilomita 10 uishi kwa amani.

Neno moja kuhusu SFP za RJ45, zinazopokea kebo ya shaba: za gigabiti 10 zinakuwa za moto sana, usizipange zikigusana kwenye swichi isiyo na feni.

Umefanikiwa kama: una moduli mbili mkononi na unaweza kuelezea kwa sauti nani anatuma wimbi gani na nani analipokea.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwanga kabla hujaenda saiti

Hesabu ni simpo na inakupa namba ya kulinganisha baadae. Bila namba hiyo hutajua kama linki yako ni nzima au inajikongoja.

Kwenye singomodi wimbi la 1310 linapoteza karibu dB 0.35 kwa kilomita, la 1550 karibu dB 0.22. Kila mahali konekta mbili zinapokutana kwenye boksi weka dB 0.5, kila kiungo cha kuchomelea weka dB 0.1.

Mfano wetu wa mita 1,200 kwa 1310:

- Kebo: 1.2 × 0.35 = 0.42
- Boksi mbili: 2 × 0.5 = 1.0
- Viungo vinne: 4 × 0.1 = 0.4
- Jumla: 1.82, tuseme dB 1.8

Moduli yako ikituma dBm -6, upande wa pili unatakiwa usome karibu dBm -7.8. Iandike hiyo namba. Tutarudi nayo hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Jaribu jozi mezani

Usipande bodaboda mpaka Marangu na moduli ambayo hujaijaribu. Weka swichi zote mbili mezani, chomeka moduli, unganisha na pachikodi fupi, washa. Linki ikiwaka mezani, una uhakika moduli na brandi na kasi viko sawa, kwa hiyo ikigoma saiti tatizo ni kebo au uchafu. Jaribio hili linakata nusu ya maswali yote.

Kama una swichi moja tu na moduli ni LX ya nyuzi mbili, unaweza kuirudishia mwanga wake mwenyewe, uzi mmoja kutoka tundu la kutuma kwenda la kupokea la moduli hiyo hiyo. Ikiwaka ni nzima. Fanya hivyo swichi ikiwa nje ya mtandao wa mteja, maana huo ni mzunguko na unaweza kuvuruga mtandao mzima. Kwa BiDi jaribio hili haliwezekani kwa sababu haisikii wimbi lake yenyewe, na kwa moduli za kilomita 80 usilifanye bila atenyueta.

## Hatua ya 6: Safisha, na usafishe tena

Kiini cha singomodi ni maikromita 9, yaani sehemu 9 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa mtu ni karibu 70. Sasa fikiria vumbi la kiangazi kwenye barabara za ndani za Moshono, au Pasua kule Moshi, lile linaloingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Punje moja ikitua katikati ya ncha inaziba njia yote ya mwanga, na ukichomeka juu yake unaisaga kati ya vioo viwili, inaacha mkwaruzo ambao hata kusafisha hakuutoi.

Ukiweka ncha kwenye hadubini ya faiba utaona duara la kijivu laini na nukta ndogo katikati. Ncha iliyoguswa na kidole inaonyesha utando kama mafuta ya taa juu ya maji, na ncha ya vumbi ina vidoa vyeusi, vingine vina mkia pale vilipoburutwa. Ukishaliona mara moja hutakuja kuchomeka konekta bila kusafisha tena maishani.

Namna ya kufanya:

1. Ondoa kifuniko cha konekta. Usiguse ncha.
2. Weka kalamu ya saizi yake, sukuma moja kwa moja mpaka ilie "klik". Rudia mara moja.
3. Kama uchafu ni sugu, dondosha spiriti kidogo kwenye tishu, futa kwa mwelekeo mmoja, kisha pitisha sehemu kavu. Kavu lazima iwe ya mwisho.
4. Safisha upande wa pili wa kiungo pia, ndani ya boksi na ndani ya tundu la moduli, kwa kalamu. Ukisafisha upande mmoja tu uchafu unahamia tena.
5. Chomeka hapo hapo. Usiiache ikining'inia ukaenda kunywa chai.

Pachikodi mpya kutoka kwenye mfuko nayo isafishwe, vifuniko vya plastiki vinaacha masalia kwenye ncha. Na tafadhali usifute kwa shati, usipulize kwa mdomo. Pumzi ina mate.

## Hatua ya 7: Chomeka

Moduli za SFP zinaingia na kutoka swichi ikiwa imewashwa, huhitaji kuzima mtandao wa watu. Vaa mkanda wa umeme tuli au gusa kwanza chuma cha raki kilichounganishwa na ardhi. Shika moduli ubavuni, usiguse vile vidole vya dhahabu nyuma.

Angalia upande wa juu. Kwenye swichi zenye safu mbili za poti, safu ya chini mara nyingi inataka moduli iliyogeuzwa. Isukume taratibu mpaka ibane yenyewe. Ikikataa usitumie nguvu, itoe uigeuze. Kishikio kifungwe ndo uchomeke faiba.

Kwenye moduli za nyuzi mbili, tundu la kutuma la upande wa A lazima lifike tundu la kupokea la upande wa B. Kukiwa na boksi njiani ni rahisi nyuzi zikabaki sambamba. Kama taa haiwaki, badilishana nyuzi mbili upande mmoja tu, ukibadilisha pande zote umerudi ulipotoka.

Pachikodi usiikunje kona kali wala kuibana na zipu taiti. Duara la nusu kipenyo sentimita 3 ni salama kwa faiba za kawaida. Na ukitoa moduli, toa faiba kwanza, fungua kishikio, vuta. Tundu lililobaki wazi lizibe.

Onyo la radi: watu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro mnajua masika yanavyokuja na radi. Faiba yenyewe haipitishi umeme na ndo sababu nzuri kuliko zote ya kuachana na kebo ya shaba kati ya majengo. Ila kebo nyingi za kutundika zina waya wa chuma wa kubebea, na za kufukia zinaweza kuwa na ganda la chuma. Chuma hicho kikate nje au kiunganishe na ardhi pale kinapoingia jengoni, kisifike kwenye raki, la sivyo umeileta radi ndani kwa mkono wako.

## Hatua ya 8: Soma namba, usiridhike na taa

Taa ya kijani inakwambia linki ipo leo. Namba ndo zinakwambia kama itakuwepo mwezi ujao. Moduli nyingi zinapima zenyewe joto, volteji, mwanga unaotumwa na mwanga unaopokelewa. Hakikisha unanunua zenye kipimo hiki, kinaitwa DDM au DOM.

Kwenye MikroTik: `/interface ethernet monitor sfp1`
Kwenye Cisco: `show interfaces transceiver detail`
Kwenye Linux: `ethtool -m` ikifuatiwa na jina la poti.

Angalia mwanga unaopokelewa, linganisha na hesabu ya hatua ya 4. Tulitegemea -7.8. Ukisoma -8 au -9, kazi safi, funga kabati. Ukisoma -17, taa itawaka vizuri tu kwa sababu moduli ya gigabiti 1 ya kilomita 10 inavumilia mpaka karibu -19. Mteja atafurahi, utalipwa, utaondoka. Lakini dB 9 zimepotea mahali, na dB 9 ni karibu asilimia 87 ya mwanga wote. Hiyo ni konekta chafu au mkunjo. Vumbi likiongezeka kidogo linki inakufa, kwa kawaida siku ya mitihani ya shule au lodge ikiwa imejaa wageni.

Na kuna hili: siku mteja akisema tupandishe iwe gigabiti 10, moduli ya LR ya kilomita 10 inaishia -14.4. Kebo ile ile iliyokuwa "inafanya kazi vizuri miaka yote" itagoma na watu watailaumu moduli mpya. Kebo ilikuwa inaumwa toka mwanzo.

Soma pande zote mbili. Upande mmoja kuwa mzuri hakuthibitishi mwingine.

Umefanikiwa kama: mwanga unaopokelewa uko ndani ya dB 2 au 3 za hesabu yako, na kaunta ya makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) kwenye poti haipandi ukihamisha faili kubwa.

## Hatua ya 9: Ikigoma, tafuta kwa mpangilio huu

Swichi haioni moduli kabisa. Itoe, irudishe mpaka ibane. Bado? Jaribu poti nyingine. Bado? Ni ishu ya brandi, rudi hatua ya 2.

Swichi inaiona, inatuma mwanga, haipokei kitu (inasoma -40 au karibu na hapo). Kama ni nyuzi mbili, badilishana nyuzi upande mmoja. Kama ni BiDi, soma stika za pande zote, usikubali kuambiwa kwa simu "ni zile zile", omba picha. Kisha toa moduli pande zote, weka tochi nyekundu upande mmoja na mwenzako aangalie mwanga ukitokea kwenye boksi, aangalie kwa pembeni asielekeze jicho kwenye ncha. Usipofika, faiba imekatika au mmechukua uzi tofauti.

Inapokea mwanga wa kutosha lakini linki haiwaki. Hapo ni kasi. Upande mmoja gigabiti 1, mwingine 10, au upande mmoja umelazimishwa kasi na mwingine unajitafutia. Weka sawa pande zote mbili.

Inawaka na kuzima. Soma namba wakati inatokea. Mwanga ukishuka, safisha, cheki mikunjo. Mwanga ukiwa palepale lakini joto liko juu, kabati halina hewa. Volteji ikiyumba, angalia umeme wa swichi yenyewe, maana umeme wetu ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndo inaumia kwanza.

Hapo kwenye pawa saplai niongeze kidogo. Swichi kubwa zina saplai mbili za kuchomoa, na mtu anazichomeka zote kwenye ekstensheni moja. Moja iende UPS, nyingine iende laini tofauti, ndo faida yake ionekane. Ukinunua ya akiba angalia mwelekeo wa hewa, zipo zinazopuliza kutoka mbele kwenda nyuma na zipo za kinyume, ukichanganya zinapingana na kifaa kinachemka.

## Hatua ya 10: Stika na akiba

Bandika stika kwenye kila pachikodi: inatoka wapi, inaenda wapi, uzi namba ngapi, wimbi gani linatumwa kutoka upande huu. Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi yenye tarehe na mwanga uliopokelewa siku ya kufunga, pande zote. Fundi atakayekuja baada yako atalinganisha na ya siku hiyo na kujua ndani ya dakika kama kebo imechoka.

Kama kebo inavuka barabara ya umma, kibali cha TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani, kikae humo humo kwenye faili la kazi.

Akiba ya LX moja inatosha pande zote kama swichi ni za brandi moja. Akiba ya BiDi lazima ziwe mbili, moja ya kila upande, kila moja kwenye mfuko wake wenye stika ya jengo inalotakiwa kwenda, vifuniko vikiwa juu. Ziache kwa mteja, kwenye kabati lenye ufunguo, sio kwenye begi lako la Arusha wakati linki imekufa Moshi saa mbili usiku.